Vipande vya tungule vyatoa kalasi tu, chipukizi hakuna. Tatizo ni homoni au ni kitu chengine?

kitalu_kisauni

Assalam aleikum wadau.

Tuna chumba kidogo cha tishu kalcha (kukuza mimea chupani kutoka kwenye vipande vidogo) hapa Kisauni, Mombasa. Migomba tumeizoea, sasa twataka kuotesha tungule (nyanya) kutoka kwenye vipande vya majani ya mbegu, yale mawili yanayofunguka kabla ya majani yenyewe. Lengo la kwanza ni kuwafundisha vijana wa kitalu, la pili ni kuzidisha miche ya F1 (chotara), maana bei ya mbegu zake haishikiki.

Utaratibu wetu ni huu. Mbegu za tungule aina ya Cal-J zaoshwa kwa Jik na kuoteshwa kwenye MS (mchanganyiko wa chumvi za lishe ya mmea) ya nusu kipimo. Vipande twavikata mche ukiwa na wiki tatu hivi, umeshatoa majani mawili matatu ya kweli, ili tupate vipande vikubwa. Midia (chakula cha vipande chupani) ya lita moja ina MS gramu 4.4, sukari gramu 30, agari ya kugandisha gramu 6, na homoni mbili, BAP miligramu 5 na NAA miligramu 1, pH (kipimo cha asidi) 5.8. Maji ni ya kisima cha hapa, huchemshwa na kuchujwa. Twapika kwa sufuria ya presha dakika 20. Chupa zafungwa kwa nailoni ya chakula mizunguko mitatu. Taa za LED zawaka saa 16, AC imewekwa nyuzi 25.

Kinachotokea: kipande chavimba, chafanya donge la kalasi (seli zisizo na umbo la jani wala shina) la kijani kilichopauka, na mara nyengine mizizi myeupe yachomoza juu ya donge lenyewe. Chipukizi ni nadra, na zikitoka ni nene, zang'aa kama kioo, zavunjika ukizigusa kwa koleo. Kuna midia isiyoganda vizuri. Baadhi ya chupa zafanya utando wa rangi ya maziwa pembeni mwa kipande.

Je, tuongeze BAP ifike 8 au 10? Ama Cal-J ndiyo haifai?

---

agari_nane

Waleikum salaam ndugu. BAP usiiongeze, tayari iko juu, na hizo chipukizi za kioo sehemu yake yatokana na hiyo hiyo BAP. Cal-J pia usiilaumu mapema. Ni kweli aina za tungule hutofautiana, lakini kwenye maelezo yako kuna mambo yanayotosha kuzuia chipukizi hata kwa aina iliyo rahisi kabisa.

Anza na umri wa kipande, hapo ndipo penye uzito kuliko homoni. Majani ya mbegu hukatwa kati ya siku ya 7 na ya 10 baada ya kupanda, yakiwa yamefunguka sawasawa na jani la kweli la kwanza likiwa bado nukta katikati. Kwa joto la Pwani mche hukimbia, kwa hivyo tazama mche, usitazame kalenda. Ukishaona jani la kweli limekunjuka, umechelewa. Seli za jani changa bado zinaweza kubadili njia na kujenga ncha mpya ya ukuaji. Za jani la wiki tatu zimeshakomaa kwa kazi ya jani, na zikilazimishwa na homoni zinagawanyika ovyo tu. Hiyo ndiyo kalasi unayoiona. Ukubwa wa kipande haukuongezei chochote.

Namna ya kukata nayo ina taratibu zake. Weka matone machache ya MS ya majimaji kwenye sahani ya petri na ukatie humo humo, kwa sababu jani likikauka hata dakika chache hujikunja na kingo zake hufa. Tumia wembe mpya, kata kwa mkupuo mmoja wa kushuka, usikereze. Ondoa milimita 1 hadi 2 za ncha, ondoa kikonyo, kinachobaki kiwe milimita 5 hadi 8. Kikiwa kirefu zaidi kigawe mara mbili kwa upana. Kisha kilaze kifudifudi: upande uliokuwa ukitazama juu ndio uguse midia. Chipukizi nyingi hutokea kwenye mkato ulio karibu na kikonyo, kwa hivyo hakikisha ukingo huo umegusa agari wote, haukuinuka. Kipande kilichominywa na koleo hugeuka kahawia pale pale palipominywa. Kishike pembeni kabisa, au kiinue kwa ubapa wa wembe.

Sasa homoni. Tangu Skoog na Miller walipoonyesha mwaka 1957, kanuni imebaki ile ile: sitokinini (kundi la homoni lenye BAP na zeatini) ikizidi sana oksini (kundi lenye NAA na IAA), kipande huelekea kwenye chipukizi, oksini ikizidi, huelekea kwenye mizizi, zikikaribiana, ni kalasi. Uwiano wako wa 5 kwa 1 ni mdogo kwa tungule, na NAA ina nguvu na haivunjiki upesi ndani ya mmea. Mizizi inayochomoza juu ya donge inakwambia hivyo hivyo. Ningepanga hivi kwa lita moja:

MS pamoja na vitamini, gramu 4.4
Sukari nyeupe, gramu 30
Agari, gramu 8
Zeatini, miligramu 2 kwa wiki mbili tatu za mwanzo, halafu miligramu 1
IAA, miligramu 0.1
pH 5.8 kabla ya kupika

Kama zeatini haipatikani, tumia BAP miligramu 2 na IAA 0.1 hadi 0.2. Matokeo hushuka kwa aina fulani za tungule, lakini chipukizi hupatikana.

BAP na NAA huvumilia kupikwa. IAA haivumilii, na zeatini pia haifai kuibahatisha. Zichuje kwa kichujio cha mikroni 0.22 na uzitie midia ikishapoa hadi nyuzi 50 hivi, yaani unapoweza kuishika chupa kwa kiganja bila kuiachia. IAA huharibiwa na mwanga pia, chupa yake ifungwe kwa karatasi ya fedha na ikae kwenye friza. Ikigeuka rangi, mwaga.

Upande wa vipimo: miligramu 100 za BAP ziyeyushwe kwa mililita 1 au 2 za NaOH (hidroksidi ya sodiamu) ya nguvu 1N, halafu ongeza maji hadi mililita 100. Hapo kila mililita ina miligramu 1, na lita moja ya midia ya miligramu 2 hutaka mililita 2. Kwa IAA ya 0.1 utatakiwa kupima mililita 0.1, jambo ambalo sindano ya kawaida haiwezi kwa uhakika. Zimua akiba (ule mchanganyiko wa miligramu 1 kwa mililita) mara 10 na utie mililita 1. Makosa mengi ya homoni chanzo chake ni hapo kwenye desimali.

Mambo yakienda sawa, wiki ya kwanza kipande huvimba na kujipinda. Wiki ya pili na ya tatu ukingo hutoa vinundu vya kijani kibichi, na chipukizi zenye majani huonekana kuanzia wiki ya nne. Hamisha kwenye midia mpya kila wiki mbili, na kila unapohamisha punguza kalasi iliyolegea na sehemu iliyokufa.

---

maji_na_mwanga

Hayo ya agari_nane yashike. Mimi naongeza maji, joto na hewa ya chupa, kwa sababu hata ukirekebisha homoni zote, vitu hivi vitatu vitakurudisha hapo hapo.

Maji ya kisima acha kabisa. Ardhi yetu ni ya mawe ya matumbawe, kwa hivyo maji ya visima yana kalsiamu na bikaboneti nyingi, na yakiwa karibu na bahari yana chumvi. Kuyachemsha huua vijidudu na kuangusha chokaa kidogo, lakini chumvi hubaki, tena huzidi kukolea kwa sababu maji yamepungua. Kichujio cha kitambaa hakizuii chumvi. Bikaboneti ndiyo inayofanya pH ikatae kushuka: unatia asidi nyingi, unafika 5.8, ukigeuka imepanda tena. Hesabu ya MS iliyotoka mwaka 1962 ilipangwa kwa maji safi, ina kloridi ya kalsiamu miligramu 440 kwa lita, na kila kinachotoka kisimani kinaongezwa juu yake.

Nunua maji yaliyokenekwa, na uyapime kwa kile kipima chumvi kidogo cha mkononi. Yawe karibu na sufuri. Maji ya betri ya petroli stesheni mengine ni safi, mengine si safi, na kwenye rafu hiyo hiyo huwekwa asidi ya betri, kwa hivyo soma lebo na upime kila chupa. Maji yanayotiririka kutoka kwenye AC hayana chumvi, lakini yamepita kwenye mabomba ya shaba, vumbi na utelezi wa bakteria. Hayo ni ya kuoshea chupa tu.

Agari gramu 6 ni kidogo, na yachangia chipukizi kuvimba maji. Panda hadi 8. Midia ikikataa kuganda hata kwa 8, angalia pH: hushuka kama 0.2 hadi 0.5 wakati wa kupika, na ikianza chini ya 5 agari huvunjika. Kupika kupita kiasi pia huivunja. Kuna wanaouliza kama mwani unaolimwa Kibuyuni waweza kutumika mahali pa agari. Ule ni wa jamii inayotoa karajini, si agari, na huganda kwa namna tofauti. Agari hutoka kwenye mwani wa Gelidium na Gracilaria.

Sufuria ya presha ni sawa, na sisi tulio usawa wa bahari tuna nafuu: geji ikisoma 15 psi, ndani ni nyuzi 121 kweli. Nairobi geji hiyo hiyo hufika kama 118 tu kwa sababu hewa ya kule ni nyepesi. Ila acha mvuke utoke kwa nguvu dakika 5 kabla ya kuweka uzito, ili hewa yote iishe. Hewa iliyonaswa ndani hufanya geji isome vizuri huku chupa za chini hazijafika joto. Dakika 20 zatosha chupa zenye mililita 50. Chupa ya lita nzima yataka 30 au zaidi.

Joto. Usiamini namba ya rimoti ya AC. Weka kipimajoto ndani ya chupa moja yenye agari, katikati ya rafu, taa zikiwaka. Utakuta nyuzi 2 hadi 4 juu ya joto la chumba. Ukitaka 25 ndani ya chupa, chumba kiwe 22 hivi. Zikipita 30 kalasi hulegea, huwa ya majimaji na haitoi chipukizi. Pia ondoa transfoma za taa kwenye rafu, zitundike ukutani nje ya fremu. Zinapopasha sakafu ya rafu ya juu yake, maji hupanda kutoka kwenye midia, hugonga kifuniko na kudondokea vipande, na hivyo ndivyo vinavyogeuka kioo.

Kama inveta yenu inabeba taa na haibebi AC, heri taa nazo zizimike umeme ukikatika. Giza la saa chache halidhuru. Taa bila AC katika chumba kilichofungwa huko Kisauni, mwezi wa Februari, zitapika kila kitu.

Na hiyo nailoni ya mizunguko mitatu inanasa unyevu pamoja na gesi ya ethilini inayotolewa na vipande vyenyewe. Tumia plasta ya karatasi ya hospitali, mzunguko mmoja, au toboa kifuniko tundu la milimita 6 hivi na ulizibe kwa pamba iliyopikwa pamoja na chupa.

---

kitalu_kisauni

Shukran sana, mmetufungua macho. Inveta yetu kweli yabeba taa pekee.

Maswali mawili. Zeatini bei yake ni kali mno kwa chumba kama chetu, na kuna mtu ametuambia maji ya madafu yana zeatini ndani yake. Yafaa? La pili, ule utando wa maziwa. Jik twaitumia ile ya ndimu ya asilimia 3.5, mbegu zakaa dakika 10, kisha twasuuza mara moja.

---

kilimo_tiwi

Madafu yafaa, kwa kiasi chake. Si jambo la mtaani tu: van Overbeek na wenzake waliyatumia mwaka 1941 kukuza viini vichanga vya mmea wa Datura, na mwaka 1958 Steward na wenzake kule Cornell walipata mimea mizima ya karoti kutoka kwenye seli za mzizi wa karoti, maji ya nazi yakiwa ndani ya midia. Zeatini imo, pamoja na sitokinini nyengine, sukari, potasiamu na asidi za amino. Lakini imo kwa kiasi kidogo, kwa hivyo mililita 100 za dafu hazilingani hata kidogo na miligramu 2 za zeatini ya dukani. Yachukulie kuwa nyongeza: acha BAP 1 hadi 2, IAA 0.1, na utie mililita 100 hadi 150 za maji ya dafu kwa lita.

Chagua dafu lenye nyama laini inayokombeka kwa kijiko. Nazi iliyokomaa siyo. Usitumie dafu moja, maana kila tunda lina kiasi chake, na wiki hii utapata chipukizi na wiki ijayo ukose bila kujua kwa nini. Changanya maji ya madafu kumi au zaidi, yachemshe dakika chache ili protini ishikane na kutuama, yakipoa yachuje kwa karatasi ya kahawa, na uyagandishe kwenye friza katika mifuko ya mililita 100. Hapo midia ya miezi kadhaa itatoka kwenye mchanganyiko mmoja. Mfuko ukishayeyushwa usirudishwe kwenye friza.

Kwa kuwa dafu lina sukari yake, punguza sukari ya midia kwa gramu 3 hadi 5. pH ipimwe baada ya kutia dafu. Na kila mara tengeneza chupa chache zisizo na dafu, za kulinganisha. Kama hakuna tofauti, huna sababu ya kuendelea nayo.

---

chupa_safi

Kuhusu utando, kabla ya kubadilisha dawa soma chupa kwanza. Uchafu hujieleza wenyewe kwa mahali unapoanzia.

Ukianzia kwenye kipande na kusambaa pembeni, umetoka kwenye mbegu au jani: dawa haikufanya kazi. Madoa ya ukungu yaliyotawanyika juu ya agari mbali na vipande ni ya hewa, mkono au kifuniko. Utando ukianzia pale koleo lilipogusa, kwenye kila kipande cha sahani moja, ni kifaa. Na ukiona vidoa vimepangana kwa mstari unaopinda kuvuka agari, huyo ni mdudu: sisimizi au utitiri ameingia na kubeba spora miguuni. Pwani sisimizi hufuata sukari ya midia usiku. Miguu ya rafu isimame kwenye vikopo vya mafuta, na rafu isiguse ukuta. Chupa moja ya utitiri ikiachwa siku kadhaa hueneza kwa rafu nzima, kwa hivyo itoe mara unapoiona.

Chupa zako ziko kwenye kundi la kwanza. Jik ya ndimu ina manukato na vitu vyengine, chukua ya kawaida. Utaratibu wa mbegu uwe hivi: alkoholi ya asilimia 70 kwa sekunde 30 hadi 60, kisha mililita 40 za Jik ya 3.5 pamoja na mililita 60 za maji safi, ambayo hukupa asilimia 1.4, na matone 2 ya sabuni ya maji ili dawa ipenye manyoya ya mbegu. Mbegu za tungule zina manyoya mengi na povu la hewa hunaswa humo, bakteria wakasalimika. Tikisa muda wote, dakika 15 hadi 20. Suuza mara 4 au 5 kwa maji yaliyopikwa kwenye presha. Kusuuza mara moja kunaacha klorini inayochelewesha kuota.

Jik ikikaa dukani kwenye joto hupoteza nguvu, angalia tarehe. Alkoholi ya asilimia 96 haiui vizuri zaidi ya 70, inakausha ganda la nje la kijidudu kabla ya kupenya. Chukua mililita 73 za 96 ufikishe 100 kwa maji.

Alkoholi haiui spora za bakteria wa aina ya Bacillus. Koleo likichovywa kwenye kikombe kile kile cha alkoholi siku nzima, kikombe chenyewe ndicho kinachosambaza. Badilisha alkoholi kila siku, na kifaa kipite kwenye moto kila baada ya chupa. Moto uwe mbali na kikombe. Alkoholi ikishika moto kwenye meza ya chumba kidogo, ni hatari kubwa.

Antibayotiki kwenye midia nisingeianza. Nyingi huzuia bakteria wasionekane tu, na mche hufika kitaluni ukiwa nao. Chupa chafu ipikwe ikiwa imefungwa, ndipo ifunguliwe.

---

shina_na_jicho

Ndugu wa Kisauni, kuna jambo moja katika lengo lako la pili ambalo sikubaliani nalo. Kwa mafunzo, vipande vya majani ya mbegu ni vizuri. Kwa kuzidisha miche ya F1 ya kupanda shambani, njia hii si salama. Mmea unaojengwa upya kutoka kwenye kalasi au kwenye jani la mbegu waweza kutoka tofauti na mama. Kwenye tungule tatizo maalumu ni kuongezeka maradufu kwa kromosomu, kwa sababu majani ya mbegu huwa na seli za namna hiyo tangu mwanzo. Mche wa aina hii una majani mazito, mapana, ya kijani kilichokoza, na matunda yake huwa na mbegu chache. Chupani hutambui, mkulima atakuja kugundua shambani.

Ukitaka mche ulio sawa na mama, tumia jicho la kwapa, lile linalokaa pale jani linapoungana na shina. Kata kipande cha shina cha sentimita 1 hadi 1.5 chenye jicho moja, kisimamishe kwenye MS isiyo na homoni, au yenye BAP isiyozidi 0.5. Jicho lilikuwepo tayari, wewe unaliamsha tu. Kila shina hukupa macho mapya 4 au 5 baada ya wiki 3 au 4. Mwendo ni wa kutabirika na wala huhitaji zeatini.

Na kama huna haja ya mche usio na vijidudu, vichipukizi vya pembeni vya tungule hutoa mizizi vikichomekwa kwenye makumbi yenye unyevu, nje ya maabara kabisa. Ila mama awe mzima. Ukikata kutoka kwenye mmea wenye virusi vya majani kujikunja, unazidisha virusi. Pia angalia kama aina hiyo ya F1 ina haki za mzalishaji kabla ya kuuza, na mambo ya ukaguzi wa miche yapitie KEPHIS, shirika la Kenya la kukagua afya ya mimea.

---

bustani_bamburi

Naingilia kidogo. Sisi tunajaribu kabichi na sukuma wiki kwa vipande vya majani ya mbegu. Vinageuka njano na kuachia kikonyo ndani ya wiki mbili. Midia ni BAP 2 na NAA 0.1. Tatizo ni nini?

---

agari_nane

Ethilini, kwa uwezekano mkubwa. Jamii ya kabichi huathirika nayo kuliko tungule, na chupa iliyozibwa kabisa hufanya majani yageuke njano na kuanguka. Legeza kifuniko kwanza. Baada ya hapo tia nitrati ya fedha miligramu 2 hadi 5 kwa lita, ambayo huzuia mmea usiitikie ethilini. Ichuje, itie midia ikiwa imepoa, na akiba ikae gizani. Fedha na kloridi hushikana zikawa unga mweupe usio na faida. MS yenyewe ina kloridi, ukiongeza maji ya kisima ndiyo utapoteza zaidi. Wengine hutumia thiosulfeti ya fedha kwa sababu hutulia vizuri zaidi ndani ya midia. Vaa glavu, inatia madoa meusi kwenye ngozi.

Ukataji ni tofauti na wa tungule. Miche iwe ya siku 4 au 5. Jani la mbegu likatwe pamoja na milimita 1 hadi 2 za kikonyo, na kikonyo hicho kichomekwe ndani ya agari, bapa la jani libaki juu bila kugusa midia. Mkato usichukue kijicho kilicho katikati ya vikonyo viwili. Ukikichukua, chipukizi itakayotoka ni ya kijicho hicho, na utadhani umefanikiwa kuotesha upya.

Bilinganya nayo ni nyepesi, inafaa wanafunzi kuliko zote. Pilipili hoho usiianze sasa. Hutoa vinundu vingi vya majani yaliyofumbana, na vinundu hivyo hukataa kurefuka kuwa shina hata ukibadilisha midia mara ngapi.

---

kilimo_tiwi

Nimalizie sehemu ya mizizi na kutoa nje, maana miche mingi hufia hapo.

Chipukizi ikatwe ikiwa na sentimita 1.5 hadi 2, ina ncha inayoonekana na majani yaliyosambaa, na kalasi yote ya chini iondolewe. Kalasi ikibaki, mizizi huota juu ya kalasi na haiungani vizuri na mishipa ya shina: mche unaonekana una mizizi lakini hunyauka siku ya kwanza nje. MS nusu bila homoni hutosha kwa tungule, au tia oksini ya IBA miligramu 0.5 mizizi ikichelewa. Mizizi hutoka ndani ya wiki moja hadi mbili. Mche wa kioo usiuhamishe, kwanza urudishe kwenye MS isiyo na sitokinini, agari gramu 9, kifuniko chenye hewa, hadi utoe majani makavu ya kawaida.

Siku ya kutoa, osha agari yote kwenye mizizi kwa maji ya vuguvugu, maana sukari iliyobaki ni chakula cha ukungu. Makumbi ya nazi ndiyo malighafi yetu ya karibu, lakini yale yaliyoloweshwa kwenye maji ya chumvi yana chumvi ya kuua mche mchanga. Yaloweke kwenye maji baridi (yasiyo ya chumvi), yakamue, badilisha maji, rudia hadi kile kipima chumvi kisome karibu sawa na maji uliyoanzia. Changanya makumbi mawili kwa mchanga mmoja wa mtoni. Mchanga wa pwani usiutumie. Upashe mchanganyiko kwa mvuke na uupoze kabla ya kupanda, maana ugonjwa wa mnyauko wa bakteria huingia kwa udongo.

Funika kwa nailoni angavu chini ya neti ya kivuli ya asilimia 70. Jani la chupani halina nta ya kutosha na matundu yake ya hewa hayajui kufunga, ndiyo maana hata unyevu wa hapa Pwani hautoshi siku za mwanzo, na upepo wa kaskazi hukausha upesi. Wiki ya kwanza nailoni isifunguliwe ila dakika chache asubuhi, wiki ya pili inua pembe moja, ya tatu itoe usiku kwanza, kisha asubuhi, kisha kutwa. Ndipo uhamie neti ya asilimia 50.

Ukiona mche unalegea saa sita za mchana na udongo bado ni mbichi, usimwagilie. Rudisha nailoni siku mbili, kwa sababu mizizi haijashika, na maji zaidi yataiozesha.